Msikilize anayepiga ngoma

Ndugu mwandishi, umeieleza vizuri albamu ya bendi ya Foo Fighters, But Here We Are, ila umepita haraka mno kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote: nani alipiga ngoma. Taylor Hawkins, mpiga ngoma wao tangu 1997, alifariki Bogotá, Colombia, Machi 25, 2022, akiwa na miaka 50. Albamu ilipotoka Juni 2023, ngoma zote zilikuwa zimepigwa na Dave Grohl, kiongozi wa bendi, yeye ambaye dunia ilimjua kwanza kama mpiga ngoma wa Nirvana. Studioni, kiti cha marehemu hakikupewa mgeni. Sikiliza anavyozipiga, kwa nguvu, bila kujizuia. Msiba unausikia hapo kabla hata hajaimba neno. Tena ulikuwa msiba juu ya msiba, maana mama yake Grohl, Virginia, aliyekuwa mwalimu, naye alifariki mwaka huohuo wa 2022. Wimbo unaomhusu, "The Teacher" (Mwalimu), unachukua dakika kumi, na sioni pa kuupunguza. Ama mpiga ngoma aliyefuata, Josh Freese, yeye alijiunga na bendi baada ya kurekodi. Kwangu hii ndiyo albamu yao bora tangu The Colour and the Shape ya 1997. Wasomaji wenzangu, isikilizeni nzima, kwa mpangilio wake, msiruke hata wimbo mmoja.