Dabu adimu za Horace Andy: Nani anavuna zinapotolewa upya?

HATUA ya kampuni za Ulaya na Marekani kutoa upya santuri za dabu zilizorekodiwa Jamaika miaka ya 1970 imewarejeshea wapenzi wa rege hazina iliyokaribia kupotea. Hata hivyo, imefufua swali la siku nyingi: mapato ya kazi hizo humfikia nani?

Mfano ulio wazi ni wa Horace Andy, mzaliwa wa Kingston aliyejipatia jina kwa wimbo Skylarking, uliotolewa na Studio One.

Mwaka 1977 mwimbaji huyo alitoa albamu ya In the Light, chini ya mtayarishaji Everton DaSilva na lebo yake ya Hungry Town. Sambamba nayo ilitoka In the Light Dub, iliyochanganywa na fundi mitambo Prince Jammy. Hiyo ya pili ikaja kuwa adimu.

Mwaka 1995 kampuni ya Blood and Fire ya Manchester, Uingereza, ambayo miongoni mwa waasisi wake ni mwanahistoria wa rege Steve Barrow na mwimbaji Mick Hucknall wa Simply Red, ilizitoa albamu zote mbili katika CD moja.

Dabu ni wimbo uleule uliovuliwa nguo. Fundi huondoa sehemu kubwa ya sauti ya mwimbaji, akabakiza besi na ngoma, kisha akatia mwangwi. King Tubby, fundi wa vifaa vya umeme wa Kingston aliyeuawa mwaka 1989, ndiye anayetajwa zaidi kuwa aliyeigeuza kazi hiyo kuwa sanaa.

Kwa watayarishaji, dabu ilikuwa pia biashara ya gharama ndogo, kwani rekodi moja iliuzwa mara mbili. Wapiga vyombo wengi walilipwa ujira wa siku tu, bila mkataba wala mrabaha.

Hapo ndipo penye utata. Mwenye dabu ni nani: mwimbaji ambaye sauti yake imekatwa, mpiga besi ambaye kazi yake ndiyo iliyobaki, au fundi aliyechanganya?

Jamaika ilipata Sheria yake ya Hakimiliki mwaka 1993. Awali ilitumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1911. Marekebisho ya mwaka 2015 yaliongeza muda wa ulinzi kutoka miaka 50 hadi 95. Lakini muda mrefu humfaa mwenye hati mkononi, na wasanii wengi wa enzi hizo hawakuwa nazo.

Pamoja na hayo, kuacha kutoa upya si dawa. Santuri kuukuu inapouzwa kwa bei kubwa baina ya wakusanyaji, msanii hapati hata senti. Toleo jipya lenye mkataba ndilo humpa nafasi ya kulipwa, na huokoa kanda zinazooza.

Mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 71, Andy alitoa Midnight Rocker na mtayarishaji Adrian Sherwood, ikafuatiwa mwaka huohuo na albamu ya dabu, Midnight Scorchers.

UNESCO iliitambua rege kuwa urithi wa binadamu mwaka 2018. Heshima hiyo ni kubwa, ila haijazi chungu. Kipimo cha kila toleo jipya kitabaki kuwa majina yaliyoandikwa katika mkataba wake.