NESI NA VITABU, sehemu ya 6: Kijana aliyeudondosha mpira wa theluji

Niliahidi kitabu cha vijana, na wengine mmeshaniuliza kama ni cha dini. Hapana. Ni riwaya ya Japani ya mwaka 1937, mwandishi Genzaburo Yoshino, na jina lake ukilileta kwetu ni kama "Ninyi Mtaishije?". Mimi nimeisoma kwa Kiingereza, tafsiri ya Bruno Navasky iliyotoka 2021. Mlioona filamu ya Hayao Miyazaki ya 2023, ile ya mvulana na korongo: kwa Kijapani filamu ile imechukua jina la kitabu hiki, na kitabu chenyewe kinaonekana ndani yake, ila hadithi ni nyingine kabisa. Usije ukaangalia filamu ukajisifu umesoma.

Kijana anaitwa Copper. Ni jina la utani. Jina lake halisi ni Jun'ichi Honda, miaka 15, mkazi wa Tokyo, baba yake amefariki. Siku moja akiwa na mjomba wake juu ya paa la jengo la maduka, Ginza, mvua ya rasharasha, akawatazama watu kule chini na kujiona na yeye ni chembe moja tu kati yao. Mjomba akafurahi sana. Akamfananisha na Copernicus, aliyesema dunia si kitovu bali ndiyo inayolizunguka jua, na jina likaanzia hapo. Akaanza pia kuandika daftari ili kijana aje alisome. (Kiingereza kina neno moja tu kwa mjomba, baba mdogo na baba mkubwa, kwa hiyo msomaji lazima aelezwe kwamba huyu ni kaka wa mama. Sisi tukisema "mjomba" yametosha, na tunajua pia kwa nini mtoto anamwambia yeye yale asiyoweza kumwambia mama.)

Sasa kisa chenyewe. Shuleni kuna wanafunzi wakubwa wanaojiita wazalendo. Kwao, mwanafunzi asiyeipenda shule yake kesho hataipenda nchi yake. Kumbuka ni 1937, Japani inaingia vitani na China, na Yoshino mwenyewe alikamatwa 1931 kwa sababu za kisiasa akakaa ndani miezi 18. Hakuokota maneno hayo hewani. Wakubwa hao wanamwinda Kitami, rafiki wa Copper, mbishi asiyejua kunyamaza. Marafiki wanaahidiana: wakimgusa Kitami, tunapigwa wote.

Siku ya theluji wakamgusa. Mizutani akasimama naye. Uragawa, mtoto wa muuza tofu ambaye darasa zima lilikuwa likimcheka, naye akasimama. Copper alikuwa na mpira wa theluji mkononi. Akauficha mgongoni, akauachia taratibu, akabaki anatazama. Akarudi nyumbani, homa ikamlaza siku nyingi.

Sasa nisikilize kama nesi. Mjomba anaandika kwamba maumivu ya mwili yana kazi: yanakujulisha kuna kitu hakiko sawa, na maumivu ya moyo ni hivyo hivyo. Wewe unaweza kulisoma hilo ukaona ni mfano mzuri tu. Mimi nimesafisha vidonda vya miguu ya wagonjwa wa kisukari. Mtu anakuja na harufu imemtangulia, unavua soksi, unakuta msumari au kijiwe kimeingia unyayoni siku kadhaa, na yeye hana habari, mishipa ya fahamu ilishakufa ganzi. Anakwambia, "Nesi, hauumi kabisa," na anasema kama mtu anayetoa habari njema. Mguu usiouma ndio unaotutisha. Tunaomba Mungu apige kelele pale tunapobonyeza.

Ndiyo maana nawauliza wazazi: mtoto wako akimsaliti rafiki halafu akashindwa kula, wewe unafanya nini? Nimeona njia mbili. Ya kwanza, "achana nao, mbona hata wao sio watu wazuri", yaani tunampa dawa ya ganzi kabla hatujauliza panauma wapi. Ya pili ni fimbo. Na fimbo, jamani, ina ubaya mmoja ambao hatuusemi: inamfutia deni. Akishachapwa anaona amelipa, na yule rafiki hajalipwa kitu.

Mjomba hafanyi mojawapo. Anamwambia andika barua, omba radhi. Copper anauliza, kama hawatanisamehe? Mjomba anasema hilo silijui. Copper anataka kuahirisha, na hapo mjomba anakuwa mkali kweli kweli. Kusamehewa si juu yako, ni juu yao. Lililo juu yako ni barua. Mama naye hamkemei. Anamsimulia jinsi alipokuwa msichana alipanda ngazi za mawe nyuma ya bibi mzee mwenye mzigo, kila hatua akisema sasa namsaidia, sasa namsaidia, mpaka bibi akafika juu peke yake. Bibi hakudhurika. Ila mama amelibeba hilo miaka yote, na anasema limemsaidia asichelewe mara nyingine.

Kazini kwetu jambo hili si la riwaya. Dozi iliyokosewa ikisemwa mapema, mara nyingi kuna la kufanya: unamwita daktari, unamfuatilia mgonjwa kwa karibu, kama kuna dawa ya kuipinga unaitoa. Ikifichwa mpaka zamu ibadilike, anayekuja anaendelea na asichokijua. Na anayeficha si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ni binti mwaka wa kwanza kazini, aliyekulia nyumba ambako kosa lilikuwa na tafsiri moja tu, kipigo.

Kitabu kina sehemu nzito. Napoleon amepewa kurasa nyingi kuliko uvumilivu wangu, na kijana wa kidato cha pili anaweza kuikimbia sura ile. Mwambie airuke, atairudia.

Ila nina ugomvi mmoja na Yoshino. Marafiki wanakuja. Kitami, Mizutani na Uragawa wanafika nyumbani, wanamsamehe Copper, tena kirahisi, na kijana anapona. Nilifurahi, sitawadanganya, machozi yalinitoka. Lakini kama mjomba alisema kweli kwamba msamaha haumo mikononi mwetu, nilitaka niione siku ya pili na ya tatu baada ya barua, mlango haujabishwa, mama anapika, Copper anasikiliza barabarani. Ukimpa mwanao kitabu hiki, msimamishe hapo kabla hajafungua ukurasa unaofuata, umuulize Copper afanye nini kama Kitami haji.