Kupatana si Kuwindana

Iko mithali moja ambayo hatuchoki kuitumia mbele ya mtu aliyepunjwa dukani: Wajinga ndio waliwao. Aliyepunjwa huisikia, hucheka kwa aibu, na shauri huishia hapo. Hapana amwulizaye mlaji kwa nini alikula. Katika insha hii nataka kuipinga mithali hiyo, si kwa kuwa ni uongo, maana ni kweli kwamba wajinga huliwa. Naipinga kwa sababu tumeichukua habari tukaifanya hukumu, na hukumu tukaifanya ruhusa.

Mimi mwenyewe niliambiwa mithali hiyo huko Karema, mji mdogo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika mkoa uitwao Katavi tangu mwaka 2012. Nilifika huko kijana, cheti changu cha ualimu mkobani, nisiyepata kununua hata sufuria kwa fedha yangu mwenyewe. Nyumbani alinunua mama; shuleni na chuoni tulipakuliwa. Siku ya pili niliingia dukani kutafuta kitenge cha kumpelekea mama. Mwenye duka akanikaribisha vizuri, akaniita Mwalimu, akaniuliza habari za safari. Nikauliza bei. Akasema, "Shilingi 30,000, Mwalimu." Nikatoa noti tatu nikamkabidhi. Alishtuka kidogo, akazihesabu mara mbili, kisha akanifungia kitenge changu.

Jioni jirani yangu, mama mmoja muuza dagaa, alikipapasa kitenge kile akasema kwamba cha namna hiyo yeye hununua kwa shilingi 18,000. Waliokuwapo wakacheka, na mmoja wao akaitoa mithali. Asubuhi nikarudi dukani kwa hasira. Mwenye duka hakukana neno. Aliniambia hivi: "Mwalimu, mimi nilitaja bei yangu, wewe hukutaja yako. Ningepatana na nani?"

Jibu hilo nimelifikiri kwa miaka mingi, na naona kwamba nusu yake ni kweli na nusu yake ni dhuluma. Tuanze na nusu iliyo kweli.

Tulitazame neno lenyewe. Katika lugha yetu hatusemi kushindana bei, wala kunyang'anyana bei. Twasema kupatana bei. Asili yake ni kupata, na ile -na ya mwisho yaonyesha kwamba tendo ni la watu wawili: huyu apata na yule apata. Ndilo neno tulitumialo kwa majirani waliogombana kisha wakaondoleana kinyongo. Basi bei ya kwanza aitajayo mwenye duka si ahadi, wala si uongo; ni kama hodi mlangoni, ambayo haina maana mpaka wa ndani aitike. Mimi siku ile niliisikia hodi, nami badala ya kuitika nikatoa ufunguo wa nyumba. Kwa kosa hilo simlaumu mwenye duka.

Wa kulaumiwa kwanza ni sisi tunaofundisha. Fungueni kitabu chochote cha hesabu cha shule za msingi. Mtaona kwamba Asha amekwenda sokoni akanunua machungwa matano, kila moja kwa bei fulani, na mtoto aulizwa Asha alirudishiwa fedha ngapi. Haulizwi kama bei hiyo ilikuwa ya haki, wala machungwa ya jirani yaliuzwaje, wala kama Asha alisema neno lolote. Katika vitabu vyetu bei hushuka kutoka mbinguni kama mvua. Mtoto afundishwaye hivyo kwa miaka saba, kisha akaongezewa mingine katika shule za bweni, atatoka akiwa hodari wa kutoa na kujumlisha, lakini mbele ya duka atakuwa bubu. Nasi tutamcheka kwa ububu tuliomfundisha wenyewe.

Aliyenifundisha ni yule mama wa dagaa, ambaye masomo yake ya darasani hayakuwa mengi. Alinichukua sokoni Jumamosi tatu mfululizo, akanikataza kubeba fedha. "Leo twauliza tu, mwanangu," alisema, "maana mwenye fedha mkononi masikio yake huziba." Tuliuliza bei ya kitu kimoja katika maduka manne, tukasalimia kila mahali kabla ya kuuliza, tukashukuru kabla ya kuondoka. Akanieleza pia gharama za mwenye duka: kwamba kutoka Mpanda hadi Karema ni zaidi ya kilometa 100, na kwamba masika yakiharibu njia, sukari haiwezi kubaki na bei ya kiangazi. Asiyejua gharama za muuzaji, alisema, ataomba kupunguziwa mahali pasipo na cha kupunguzwa, na ataonekana mshari. Tena akanionya kwamba nikitaja bei yangu na ikakubaliwa, nisithubutu kurudi nyuma; neno lililokubaliwa ni deni.

Lakini somo lake kubwa halikuwa juu ya bei. Lilikuwa juu ya kipimo. Debe, ambalo asili yake ni kopo la mafuta ya taa la galoni nne, laweza kubonyezwa kitako mpaka likapungua vikombe kadhaa, na hali kwa nje ni debe lile lile. Fungu la samaki laweza kupangwa migebuka wakubwa juu na wadogo chini. Dagaa wakavu huwekwa mdomoni mwa gunia, na wasiokauka sawasawa hufichwa katikati. Mnunuzi mgeni hupigania shilingi 500 za bei kwa nguvu zake zote, naye akizipata hufurahi, kumbe amekwisha kupoteza 1,000 katika kipimo. "Tazama chombo kwanza," alinifundisha, "halafu sikiliza maneno."

Na hapa ndipo yaanzapo makosa ya mithali yetu. Ikiwa mjinga ndiye aliwaye, basi katika nchi yetu mjinga ni mkulima, maana hapana aliwaye kama yeye. Hutajiwa bei nzuri ya gunia la mahindi, akakubali. Kisha gunia lile hujazwa kwa lumbesa, likaongezewa kichwa cha nyavu na kamba, na kilo zilizo juu ya mdomo wa gunia hazilipwi. Sheria ya Vipimo yakataza jambo hilo, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, umepewa kazi ya kulizuia. Hata hivyo lumbesa haijafa. Je, mkulima huyo ni mjinga? La. Aijua lumbesa kuliko tuijuavyo sisi. Hana ghala, ada ya shule yadaiwa, na lori ni moja tu. Analiwa kwa kuwa hana njia ya kukataa.

Karema yenyewe ina ukumbusho wa jambo hili. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na chama cha Mfalme Leopold II walijenga boma pale. Mwaka 1885 likaingia mikononi mwa Mapadri Weupe. Na mwaka 1889 akafika tabibu Adrian Atiman. Mtu huyu alizaliwa Afrika ya Magharibi, akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa kwa fedha na mapadri hao, akasomeshwa utabibu huko Malta, kisha akawatibu watu wa Karema hata alipofariki mwaka 1956. Alipouzwa, muuzaji na mnunuzi walipatana bei, na pengine waliagana kwa heri. Aliyekuwa akipatanwa hakuulizwa. Sifananishi kitenge changu na shingo ya mtu. Mungu apishe mbali. Nataka kuonyesha tu kwamba mapatano yaweza kufuata desturi zake zote, salamu na kushikana mikono, na bado yakawa dhuluma, ikiwa mmoja wa wahusika hana neno wala njia ya kuondoka.

Wako wenzetu watakaosema: basi tufute kupatana, bei zote ziandikwe, kila mtu alipe sawa. Shauri hilo lina sura nzuri, nasi tumekwisha kulijaribu. Mwaka 1973 iliundwa Tume ya Bei ya Taifa, na bei za bidhaa nyingi zikapangwa na serikali. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili ya ushirika yachukue nafasi yao. Nia ilikuwa kumlinda mnyonge, wala siidharau. Lakini wazee wetu wanakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa miaka ya 1980 ilipoanza: bei imeandikwa, sabuni haipo. Iliyokuwapo ilipatikana kwa mlango wa nyuma, kwa bei ya magendo, na kwa mwenye kujuana. Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza masharti ya biashara. Tulijifunza kwamba bei iliyoandikwa humlinda mnunuzi pale tu bidhaa ipo na kipimo ni cha kweli.

Lipo kosa jingine, nalo ni letu wasomi. Baada ya kujifunza kupatana, mimi nilijiona mjuzi. Nikawa namkazia mama wa nyanya kwa shilingi 100, nikaondoka kifua mbele. Lakini katika duka kubwa la mjini, lenye vioo na bei zilizobandikwa, nililipa nilichoambiwa, wala sikufungua kinywa. Nikajiuliza: ujuzi gani huu, uliao mbele ya bibi aliyekaa chini na kunyamaza mbele ya tajiri? Wengi wetu tu hivyo. Tumejifunza kupatana, lakini tumejifunza kwa wanyonge tu, na kumbe hatukutoka katika mithali ile. Tumehama tu upande, tulikuwa waliwa, sasa tu walaji.

Ndiyo nusu ya dhuluma iliyo katika jibu la mwenye duka. Alisema kweli kwamba sikutaja bei yangu. Lakini alijua kwamba sijui, akaona kutojua kwangu ni mali yake. Mwenye kupatana kwa haki hana budi kumwacha mwenziwe na nafasi ya kusema na nafasi ya kuondoka; akimkuta hana mojawapo, na ajizuie. Katika dini zetu jambo hili si geni: Kurani ina sura nzima juu ya wapunjao vipimo, na kitabu cha Mithali katika Biblia chalaani mizani ya hila.

Siku hizi Karema ina bandari mpya, na biashara ya kuvuka ziwa kwenda Kongo yatazamiwa kukua. Wageni watakuja, wa Mpanda na wa Moba, na kila mmoja atakuwa mjinga wa mahali fulani: wa fedha, wa kipimo, au wa lugha. Tukiwapokea kwa mithali ile, hawatarudi mara ya pili, na hasara itakuwa ya mji.

Nashauri mambo mawili. Walimu wa hesabu wampeleke Asha sokoni kwa kweli, aulize, apime debe, akatae, arudi. Na sisi watu wazima, tuonapo mtu aliyepunjwa, tumwulize kwanza aliyempunja. Shilingi 12,000 zangu sikurudishiwa, wala sizidai tena. Ninachodai ni kwamba mgeni ajaye baada yangu, akitoa noti tatu bila kusema neno, mwenye duka amwambie, "Mwalimu, ngoja kwanza, nawe taja yako."