Kitufe Kilichopotea

Nataka kusema juu ya jambo lililotugawanya sisi wa chama cha kompyuta muhula uliopita. Tulitengeneza programu ya simu ili wazazi wapate kutujulisha kama watakuja siku ya wazazi. Tuliijaribu katika simu kubwa ya mwenzetu mmoja, ikapendeza mno. Likizo ilipofika nikampa mama yangu. Simu yake ni ndogo, na tena ameyakuza maandishi kwa sababu ya macho. Akasoma yote taratibu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, sasa nifanyeje?" Kitufe cha kutuma hakikuonekana. Kilikuwa kimesukumwa chini ya kioo, mahali pasipofikika kwa kidole.

Kosa lilikuwa letu. Kila kitu tulikipa mahali kwa hesabu, piseli kadha wa kadha kutoka juu, na hesabu hiyo hukaa sawa katika simu moja tu. Mafundi wakubwa walikwisha kujifunza hayo. Mpaka mwaka 2012 vioo vya iPhone vyote vilipimwa nukta 320 kwa 480. Ilipokuja iPhone 5 yenye urefu wa nukta 568, programu za zamani zilikaa katikati na mikanda myeusi juu na chini. Katika Android kuna kipimo cha dp, ambacho ni piseli moja katika kioo chenye piseli 160 kwa inchi. Kipimo hicho hulinda ukubwa wa kitufe (48 zatosha kidole cha mtu), lakini hakiongezi nafasi kiooni. Yafaa kitufe kifungwe kwenye ukingo wa chini, na maneno ya katikati yaachwe yapandishwe na kushushwa kwa kidole.

Wenzangu wengine walisema, "Basi wazazi na wanunue simu nzuri." Maneno hayo yaliniudhi, nami nakiri niliyajibu kwa ukali kuliko ilivyofaa. Mzazi anayelipa ada kwa shida ndiye hasa tuliyemfungia mlango, naye hakujua kama mlango upo.

Nashauri kila programu yetu ijaribiwe kwanza katika simu ndogo kuliko zote, yenye maandishi makubwa. Chama hakina simu ya namna hiyo. Ninyi wanafunzi wa zamani, kama mnazo zilizolala kabatini, tafadhali tuleteeni, hata zenye kioo kilichopasuka.