Wenzetu Wanaunda Vifaru, Sisi Tuunde Ngalawa

Zipo nchi nyingi duniani ambamo watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, hurejea nyumbani jioni, wakafuta meza, wakawasha taa na kuanza kuunda vifaru. Si vifaru vya kwenda vitani. Ni vifaru vidogo vya plastiki, vinavyoweza kukaa juu ya viganja viwili vya mikono, vilivyopimwa kwa uangalifu hata kila kitu kilichomo katika kifaru cha kweli kikawamo pia katika hicho kidogo. Kazi hii hawalipwi, na hawaifanyi kwa kuamriwa. Huifanya kwa mapenzi, na wapo walioifanya tangu utotoni hadi kuota mvi.

Hapana shaka wengi wetu hapa kisiwani, tukisikia habari hiyo, tutacheka. Tutauliza: je, mtu mzima hana la kufanya? Sisi tunaona kwamba kicheko hicho kina haraka. Katika mchezo huo wa wenzetu limo somo kubwa kwa Pemba, na tungependa wananchi pamoja na viongozi wetu walizingatie kabla ya wakati kutupita.

Kwanza ni vyema kueleza kazi yenyewe. Kifano tunachokizungumzia hakiundwi kwa kukisia. Kina kipimo chake. Kipimo kilichoenea zaidi kwa vifaru ni cha 1 kwa 35, maana yake kila sentimita 35 za kifaru cha kweli huwa sentimita moja katika kifano. Kifaru cha Kirusi cha T-34, ambacho pamoja na mzinga wake kina urefu wa karibu mita 6.7, hubaki sentimita 19 tu. Kipimo hicho kina historia ya kuchekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilitoa kifano cha kifaru cha Kijerumani kiitwacho Panther, na ukubwa wake ulichaguliwa ili ndani ipatikane nafasi ya kutia mota na betri. Basi betri ndiyo iliyoamua, na viwanda vingine vikafuata mpaka kipimo hicho kikawa kama sheria.

Lakini linalotupendeza sisi ni adabu ya hao waundaji. Mtu hatosheki kubandika vipande na kupaka rangi. Hutaka kujua kifaru hicho kilitumika wapi na mwaka gani, kwa kuwa rangi ya jangwani si rangi ya msituni. Hutaka kujua minyororo yake ilikuwa na upana gani, ngazi ya kupandia ilikuwa upande upi, na askari waliokaa ndani walikuwa wangapi. Asipojua, huandika barua, hutafuta picha, husafiri. Huko Bovington, Uingereza, liko jumba la makumbusho la vifaru, na humo kimo kifaru cha Tiger kilichotekwa Tunisia mwaka 1943. Watu hukiendea wakakizunguka kwa penseli na daftari. Matokeo yake ni kwamba viwanda vilivyoviunda vifaru hivyo vingi vimefungwa, na wahandisi waliovichora wamekwisha kufa, lakini elimu ya vitu vyenyewe haikufa. Imetapakaa katika meza za maelfu ya watu wa kawaida.

Kuna atakayesema kwamba kifaru ni chombo cha mauti, na hakifai kuwa pambo la nyumba wala mchezo wa kijana. Hoja hiyo tunaiheshimu. Taifa letu halikukijua kifaru kwa kukiona katika picha peke yake. Lugha yetu ilikipa jina la mnyama mwenye ngozi nene na pembe, na mwaka 1978 na 1979, majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera na yetu yakayatoa mpaka Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979, vifaru vilikuwamo katika mapigano hayo na wananchi waliyasikia majina yake kila siku. Aliyepoteza ndugu katika vita hawezi kuulizwa kwa nini hapendi kuviona vifaru mezani. Kwa hiyo hatusemi vijana wetu waanze kuunda vifaru. Tunasema kwamba ikiwa wenzetu wameweza kukihifadhi kwa uaminifu kiasi hicho chombo kilichoundwa kwa ajili ya kuua, basi ni aibu kwetu kuviacha vipotee vyombo vilivyoundwa kwa ajili ya kutulisha.

Tunakusudia vyombo vya bahari. Na hapa hatuna budi kuikumbuka habari ya mtepe.

Mtepe kilikuwa chombo kikubwa cha pwani yetu ambacho mbao zake hazikupigwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya mnazi. Tanga lake lilikuwa la mkeka. Hanamu yake ilirefushwa mbele mfano wa shingo na kichwa cha ngamia, na ubavuni pa omo palichorwa macho. Kiliundwa na mafundi wa visiwa vya Lamu, kikachukua boriti na mizigo mingine hadi Mombasa na Unguja. Kwa karne nyingi watu wa mwambao walikiona kikipita, na kwa sababu walikiona kila mwaka, hakuna aliyeona haja ya kukipima. Ikafika karne ya ishirini, mtepe ukatoweka. Hakubaki hata mmoja.

Leo anayetaka kujua mtepe ulikuwaje hana chombo cha kukiendea. Ana picha chache za zamani, ana maandishi ya wataalamu waliowahi kuwauliza wazee, na ana vifano. Ndiyo, vifano: mitepe midogo iliyoundwa na watu walioujua mkubwa, ambayo baadhi yake imehifadhiwa katika makumbusho ya Lamu na ya Fort Jesus, Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mafundi walipounda upya mtepe mzima kwa ajili ya makumbusho ya Beit al-Ajaib, Unguja, kazi hiyo ilikuwa ya kufufua maiti. Kila kilichosalia cha kumbukumbu kilikuwa na thamani, na kitu kidogo ambacho pengine aliyekiunda aliambiwa kuwa anacheza kikageuka kuwa hati.

Jambo hili linaihusu Pemba kuliko wengi wanavyodhani. Kitabu cha mabaharia cha Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa katika karne ya kwanza, kinataja kisiwa cha Menouthias kwenye pwani hii, chenye miti mingi, ambako watu walivua kwa mitumbwi ya gogo na kwa mashua za kushonwa. Wapo wataalamu wanaosema kisiwa hicho ni Unguja, wapo wanaosema ni Mafia, na wapo wanaosema ni hiki chetu. Hatutaki kugombania. Linalotosha ni kwamba kazi ya kuunda vyombo katika maji haya ina umri wa miaka elfu mbili kwa uchache, na hakuna kazi nyingine kisiwani yenye nasaba ndefu kama hiyo. Karafuu, ambayo ndiyo fahari yetu, ililetwa visiwani katika karne ya kumi na tisa tu.

Sasa tutazame hali ya leo. Katika fukwe za Kojani, Wesha, Mkoani, Wete na Micheweni bado tunaona ngalawa, madau na mashua. Lakini bahari inabadilika. Tangu mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Awamu ya Nane imeutangaza uchumi wa buluu kuwa ndio njia yetu ya mbele, na wavuvi na wakulima wa mwani wamekuwa wakipatiwa boti za faiba. Tunaliunga mkono jambo hilo bila ya kusitasita. Gogo kubwa la mwembe la kuchonga ngalawa si rahisi kupatikana, na si haki kumtaka mvuvi abakie maskini ili sisi tupate kitu cha kutazama. Mvuvi anahitaji chombo kitakachompeleka mbali na kumrejesha salama.

Hata hivyo, lazima tuseme wazi gharama ya mabadiliko hayo. Fundi wa chombo hana ramani ya karatasi. Ramani yake imo kichwani na mikononi. Hupima kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa jicho. Anajua mkuku uwe na urefu gani ili hanamu isimame vizuri, taruma lipindwe wapi, mirengu ya ngalawa itokeze kiasi gani ili ndubi ziguse maji bila ya kuyalima. Anajua mti upi unavumilia maji ya chumvi na upi unadanganya. Elimu hiyo aliipata kwa kushika tezo pembeni mwa baba yake au mjomba wake. Siku kijana wake atakapoona hakuna anayeagiza chombo cha mbao, ataiweka tezo chini, na hatalaumiwa. Siku mzee atakapofariki, chuo kizima kitakuwa kimefungwa bila ya kupigwa kengele. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii haina daftari.

Daftari lake laweza kuwa kifano. Picha huonyesha umbo la nje, na maandishi hueleza. Lakini kifano kilichopimwa sawasawa humlazimisha fundi kuonyesha kila kiungo na mpango wa kuviunganisha. Ngalawa ya mita sita ikiundwa kwa 1 kwa 10 itakuwa na sentimita 60, na itakaa juu ya meza ya darasa. Itahitaji kipande cha ubao, kisu, patasi ndogo, uzi na kitambaa. Hapana mzigo wa kuagiza kutoka ng'ambo, wala fedha za kigeni.

Tena mbegu ya kazi hii tunayo tayari. Nani katika kisiwa hiki hajawaona watoto wakishindanisha vingalawa vyao katika maji mafupi wakati maji yanapojaa, na matanga yao ya vipande vya nailoni? Nani hajaona vigari vya makopo na waya vikisukumwa barabarani? Mtoto anayejua kwamba kingalawa chake kitapinduka ikiwa mrengu ni mfupi amekwisha kuifikia hesabu ambayo mwalimu ataihangaikia ubaoni. Ajabu ni kwamba akifika umri wa darasa la juu tunamwambia aache upuuzi, akasome. Wenzetu hawakumwambia hivyo mtoto wao, walimpa rula.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, na tunayaelekeza kwa wenye mamlaka.

La kwanza, Wizara inayohusika na elimu iingize uundaji wa vifano vya vyombo katika kazi za mikono za skuli zetu, na kila mwaka yafanyike mashindano ya wilaya nne za Pemba. Kipimo kitangazwe mapema, na kifano kisicho na vipimo vilivyoandikwa kisipewe zawadi, hata kikiwa kizuri namna gani.

La pili, kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kiwaalike mafundi wa vyombo wawe walimu, na walipwe kama walimu. Hili la malipo tunalitilia mkazo. Tumezoea kumsifu mzee kwa maneno matamu siku ya sherehe na kumrejesha nyumbani mikono mitupu. Elimu yake ni mali, na mali hununuliwa.

La tatu, makumbusho yaliyomo katika ngome kongwe ya Chake Chake yatengewe nafasi na fedha za kukusanya vifano vilivyopimwa vya kila aina ya chombo cha Pemba, kila kimoja na jina la fundi, kijiji chake na majina ya viungo kama yanavyotamkwa hapa. Na visiwekwe mahali pamoja tu. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba ule ulitufundisha kwamba hata jumba la kuhifadhi linahitaji kuhifadhiwa. Nakala nyingi katika skuli nyingi ni salama kuliko nakala moja katika kabati moja.

Tunatanguliza pia tahadhari. Visije vifano hivi vikawa vile vijijahazi vinavyouzwa kwa wageni, vyenye matanga yasiyoweza kukamata upepo na usukani uliogundishwa. Biashara hiyo ni halali na tunawatakia wenyewe riziki njema, lakini haihifadhi kitu.

Ndugu zetu wa Oman, ambao wengi wao bado wanazungumza Kiswahili majumbani mwao, mwaka 1980 waliushuhudia Sohar, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi, kikitweka tanga na kushika njia ya Canton, China. Mafundi wa kushona ilibidi watafutwe ng'ambo ya bahari. Pemba bado haijafikia hapo. Mafundi wetu tunao, tunasalimiana nao msikitini na sokoni, na tezo zao bado zina makali. Tuwaendee sasa na penseli na daftari, wakati bado wapo wa kutujibu.