Bukavu: Wakala wa bima aanze na mwenye duka kabla ya kampuni kubwa

Kijana anayefungua ofisi ya bima Nyalukemba huwa na ndoto moja: kusaini mkataba na shirika la kimataifa, benki au kiwanda. Ndoto hiyo inaeleweka. Kata hii ya tarafa ya Ibanda, kando ya Ziwa Kivu, imezoea kuona magari yenye nembo za mashirika makubwa. Lakini mwaka 2025 umeonyesha kuwa wateja hao ni msingi dhaifu kwa biashara changa.

Januari, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi iliyoitegemea ikakwama. Februari, waasi wa M23 waliingia Bukavu na benki zikafunga milango. Juni, Heineken, kampuni mama ya Bralima, ilitangaza kuwa imepoteza udhibiti wa majengo yake ya Goma na Bukavu na kuwaondoa wafanyakazi wake. Katika miezi sita tu, wateja waliokuwa wakigombaniwa na kila wakala walipungua au kuondoka. Mwenye duka la dawa, mwenye shule ndogo ya binafsi na mwenye boti ya mizigo wana sababu ya kubaki: mali yao yote iko hapa.

Hesabu inasaidia kuona tofauti. Tuseme wakala anapata asilimia 10 ya ada ya bima. Mteja mmoja anayelipa dola 20,000 kwa mwaka anamwachia dola 2,000. Wateja 40 wanaolipa dola 500 kila mmoja wanamwachia kiasi hicho hicho. Mkubwa akihama, wakala anafunga ofisi. Mmoja kati ya wale 40 akihama, wakala anapoteza dola 50 na kesho anaendelea na kazi.

Isitoshe, mkataba wa kampuni kubwa mara nyingi huamuliwa Kinshasa au Ulaya, mezani kwa madalali wenye uzoefu wa miaka mingi. Wakala wa Nyalukemba anaweza kusubiri jibu mwaka mzima. Mwenye duka huamua mwenyewe, na nyumba yake inafikika kwa miguu.

Je, kwa nini asishuke hadi kwa muuza mboga? Hesabu ile ile inajibu. Kupata dola 20,000 za ada kwa watu wanaolipa dola 10, anahitaji wateja 2,000. Ofisi ya watu wawili haiwezi kuwaandikisha wote, kuwakumbusha malipo na kufuatilia hasara zao. Nchini Kenya, mpango wa Kilimo Salama ulioanza mwaka 2009 uliwafikia wakulima wadogo kwa sababu ulipitia maduka ya pembejeo na simu za mkononi, huku kampuni kubwa zikiubeba. Wakala peke yake hana mtandao huo.

Hata hivyo, wadogo wasiachwe. Bukavu ina likelemba, vyama vya waendesha pikipiki na mituweli za afya, ambazo zimewafundisha watu kuchangia kabla ya shida kufika. Chama cha watu 60 kikisaini mkataba mmoja na kukusanya michango chenyewe, kwa wakala kinakuwa mteja wa kati.

Watapinga wengine: nani ana pesa ya bima wakati wa vita? Swali hilo ni zito. Mikataba mingi ya kawaida hailipi hasara ya vita, na uporaji wa wakati wa vita mara nyingi nao huachwa nje. Wakala mwaminifu atalisema hilo kabla ya kupokea hata faranga moja. Lakini moto haukusubiri vita. Kadutu, ambako nyumba nyingi za mbao zimebanana, wakaaji wanajua jinsi cheche moja inavyomaliza akiba ya miaka. Familia hizo ndizo zinazoweza kuokolewa na bima, na ndizo zinazofikiwa mwisho.

Tatizo kubwa zaidi ni imani. SONAS, kampuni ya serikali, ilishika soko peke yake kwa miongo mingi, hadi sheria ya mwaka 2015 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi chini ya usimamizi wa ARCA. Kwa madereva wengi wa enzi hiyo, bima ilikuwa karatasi ya kumwonyesha polisi barabarani. Fikra hiyo haitaondolewa na tangazo la redio. Itaondolewa siku mwenye duka atakapolipwa baada ya moto na jirani zake waone akifungua tena.

Kwa hiyo anayeanza leo ajiwekee kanuni rahisi. Aanze na wafanyabiashara anaowajua, wenye mali inayoonekana na daftari la mauzo. Asikubali mteja mmoja awe zaidi ya sehemu moja ya tano ya mapato yake. Awe na kibali, na akionyeshe bila kuombwa. Kampuni kubwa zikirudi Bukavu, zimkute tayari ana wateja na rekodi ya hasara zilizolipwa.