Viwanja Viwili, Safari Mbili

Siku hizi si ajabu mtu wa Kibosho, Kilema au Rombo kusafiri kwa ndege. Huyu apeleka mgonjwa Dar es Salaam, yule ampokea mtoto wake atokaye masomoni Ulaya. Tena nauli mara nyingi hutolewa na ukoo mzima: mmoja ameuza kahawa, mwingine ameuza mbuzi. Ni hasara kubwa basi, na huzuni pia, mzee akifika uwanjani na kuambiwa, "Baba, ndege yako haiondokei hapa."

Yaweza kutokea, kwa sababu wengi hudhani ya kuwa uwanja wa ndege wa huku kwetu ni mmoja. Sivyo! Wa kwanza ni Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, tuuitao KIA, uliofunguliwa mwaka 1971. Uko katika tambarare ya Hai, kati ya Moshi na Arusha. Njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,600 hivi, ndiyo maana ndege kubwa za ng'ambo hutua huko. Wa pili ni Uwanja wa Arusha, ulioko Kisongo, ng'ambo ya pili ya mji, kando ya barabara iendayo Dodoma. Huo ni wa ndege ndogo, ziendazo Serengeti na kwingineko. Lakini angalieni: safari ya Unguja yaweza kuanzia huku au kule. Kujua uendako hakutoshi. Lazima ujue uanzapo.

Sasa tupige hesabu. Toka Moshi mpaka KIA ni kilomita 40 hivi, yaani karibu saa moja kwa motokaa. Toka KIA mpaka Kisongo, ndege ingepita juu kwa kilomita 50 tu, lakini barabara ni kama 60. Wala msidanganywe na kilomita! Mtapita King'ori, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River na Tengeru, penye matuta, masoko na mabasi yanayosimama, kisha mji wenyewe wa Arusha. Saa moja na nusu ni kawaida. Siku ya msongamano ni saa mbili. Aliyekosea uwanja atasikia ndege imeruka naye yu bado Tengeru.

Fanyeni hivi. Kabla ya kukodi motokaa, mpeni kijana aliyesoma aitazame tiketi. Ikiandikwa JRO, ni KIA. Ikiandikwa ARK, ni Kisongo. Saa zake nazo ni za kizungu: 10:00 ni saa nne asubuhi, wala si saa kumi.

Tuseme ndege yaondoka Kisongo saa hiyo ya nne. Yafaa kufika saa mbili. Toka Moshi ni kilomita 90 hivi, saa mbili na nusu. Basi ondokeni mjini saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mkaao mlimani ongezeni muda wa kuteremka, na zaidi wakati wa masika, njia ikiwa tope. Na anayeshuka KIA ili apande ndege nyingine Kisongo, ajiwekee nafasi ya saa nne au zaidi.

Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Ulizeni jina la uwanja kwanza, ndipo mfunge mizigo.